Mtoto Kasahau Maneno

Sikusahau maneno. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana miaka mingi, tena kwa ufundi. Kwenye hafla, watu wakiishiwa na mazungumzo, huwa nakitoa kile kisa changu cha kuchekesha: jinsi nilivyosimamishwa mbele ya umati wa Maulidi kwetu Bagamoyo, nina miaka tisa, kipaza sauti mkononi, nikasahau mstari wangu wa mwisho, na Maalimu akaja kuniokoa. Sauti yake naiigiza vizuri. Watu hucheka, mimi huongezewa juisi. Ni kisa kizuri, ila si cha kweli. Maneno niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Nilikataa kuyasema.

Juzi nilikuwa kwenye kongamano Dar es Salaam, la aina ile ambayo sisi wasomi hukutana ili kukubaliana kwamba mambo ni magumu. Zamu yangu ilipofika nikapewa kipaza sauti kilichokwisha kupita vinywani mwa watu kadhaa. Nikakisogeza. Kikanuka mate ya watu, chuma na chai ya tangawizi, na papo hapo ukumbi ukaniondoka. Nikawa uwanjani mbele ya madrasa yetu, nimevaa baibui lililokatwa kutoka baibui kuukuu la Bibi, na hasira imenijaa, kipaza sauti nimekikaba kwa mikono miwili. Mwenyekiti wa kikao alidhani naona haya, akanisogezea chupa ya maji. Mada yangu niliisoma kama mtu anayesoma maelezo kwenye kopo la dawa ya mende. Wakanipigia makofi.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Maalimu wetu hakuwa kama maalimu wengine wa mji ule. Kwingine watoto waliimba herufi na kula bakora. Kwetu, ukishahitimu juzuu, ulianza kuulizwa kwa nini. Alikuwa mtu mwembamba, ana mwanya mbele, kanzu yake imetiwa buluu mpaka inakaribia kuwa samawati, na alipenda hoja kuliko wengine wanavyopenda halua. Kila Mfungo Sita, kwenye Maulidi ya watoto baada ya Alasiri, madrasa yetu ilitoa kitu ambacho watu walikuja kukisikiliza mpaka kutoka Kaole: majibizano. Watoto wawili husimama mbele ya watu. Mmoja ni mpingaji, anauliza tutajuaje kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa mkweli. Mwingine ni mjibu, anamjibu hoja kwa hoja. Mwishoni mpingaji hushindwa, huinamisha kichwa na kusema, “Sina swali tena, nimesadiki.” Hapo vigelegele hupasuka na marashi hunyunyizwa.

Mwaka huo mimi nilipewa upingaji. Bibi yangu aliposikia alivaa kanga zake akaenda mwenyewe mpaka kwa Maalimu.

“Maalimu, mjukuu wangu umempa ukafiri?”

“Si ukafiri, Mama. Nimempa maswali. Mwenye kuuliza vizuri ndiye anayempa mwenzake nafasi ya kujibu vizuri.”

“Basi mpe mtoto wa mwenzio.”

“Wa wenzangu hawana mdomo,” alisema Maalimu. Bibi, ambaye aliujua mdomo wangu, alijifunga kanga upya akarudi nyumbani.

Mjibu alikuwa Saumu, binti wa Bi Mwanahawa muuza vitumbua. Alikuwa na sauti ya asali na meno yaliyopangika, na majibu yote yalikuwa yake. Mimi niliuliza: labda alitaka mali? Saumu alijibu kwamba Mtume alifariki vazi lake la chuma la vita likiwa rehani kwa shayiri ya kula nyumbani. Niliuliza: labda alitaka kutukuzwa? Saumu alisimulia siku Mtume alipomzika mwanawe mdogo Ibrahimu, jua likapatwa, watu wakasema mbingu zinaomboleza, na yeye, katikati ya msiba wake, akawakataza: jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Mwongo, alisema Saumu kwa sauti ile ya asali, jua lile angelichukua.

Lakini hoja ambayo Maalimu aliipenda kuliko zote ilikuwa ya mwisho. Alitufundisha jioni moja tumekaa kwenye jamvi, akatusimulia kisa cha uzushi kana kwamba kimetokea mtaa wa pili. Bi Aisha, mke wa Mtume, yuko safarini na msafara, anapoteza mkufu wake, anarudi kuutafuta, msafara unamwacha. Kijana mmoja anamkuta, anampandisha ngamia, anamfikisha kwa wenzake mchana, watu wanaona. Ndimi zinaanza kazi. Na Mtume hana neno. Anauliza watu, anataka ushauri, anaumia, na neno haliji. Inapita kama mwezi hivi ndipo aya zinashuka kumtakasa mkewe.

“Mtu wa kutunga,” alisema Maalimu, “angetunga jioni ile ile. Mke wake huyo! Nyumba yake inaungua, nanyi mnasema neno liko mfukoni mwake? Angelitoa. Hakulitoa kwa sababu hakuwa nalo. Mwongo hawezi kusubiri, watoto. Mkweli ndiye husubiri, hata kusubiri kukimuumiza mwenyewe.” Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Hata Saumu, ambaye hakuwa mtu wa kulia bila hadhira, alilia.

Nilikuwa mtoto wa kuamini kila kitu kwa ukamilifu. Niliondoka pale na kipimo. Nikawa napima watu: baba, mwalimu mkuu, mwenye duka. Nani hunyamaza mpaka awe na neno la kweli? Wote walianguka, isipokuwa Maalimu.

Na katika Mfungo Tano, mwezi mmoja kabla ya Maulidi, tukiwa bado tunajifunza majibizano, ndipo yakamfika mama mdogo.

Ma mdogo Zuhura alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Alikaa nasi, alifundisha wasichana pale madrasani, na posa yake ilikuwa imekwisha kupokewa kutoka kwa fundi cherehani mmoja kijana ambaye mimi nilimpenda kuliko Ma mdogo alivyompenda, kwa kuwa alinipa vipande vya vitambaa. Alhamisi moja aliaga kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa. Hakurudi usiku ule. Alfajiri, Bi Mwanahawa akiwa barabarani anageuza vitumbua vyake, lori la mkaa kutoka pande za Mkange likasimama, na Ma mdogo akashuka. Amejifunga kanga moja ya kwake, ya juu si yake. Ilikuwa kuukuu, imepauka, tena ya rangi nyingine.

Kabla vitumbua havijaisha mji ulikuwa umeshiba.

“Kaondoka na doti, karudi na kipande cha watu!”

Nilisikia Bibi akimhoji chumbani. Nilikuwa nimejibanza nje ya mlango, mahali pangu pa kawaida.

“Kanga yako iko wapi?”

“Imebaki, Mama.”

“Imebaki wapi?”

“Kwa aliyeihitaji.”

“Zuhura, ulilala kwa nani?”

“Mama, niulize lingine lolote. Hilo usiniulize.”

Sasa mtu wa umri wangu, aliyezaa na kulea, atanielewa nikisema nilichofanya pale mlangoni. Nilifurahi. Nilifurahi kabisa, nikauma kidole nisicheke. Kwa sababu kisa kile mimi nilikuwa nakijua! Bi Aisha alipoteza mkufu, Ma mdogo kapoteza kanga. Bi Aisha alirudi na ngamia watu wakiona, Ma mdogo karudi na lori watu wakiona. Ndimi zimekwisha kuanza. Kilichobaki ni kungoja kama mwezi hivi, neno lishuke, watu waone haya. Nilijiona nimepewa siri ya mbinguni.

Nilimfuata kitandani alikojilaza, nikamwambia, “Usilie, Ma mdogo. Ni mwezi tu.” Alinitazama, akacheka, kisha kile kicheko kikageuka katikati na kuwa kitu kingine. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Pale bombani niliwaambia na wanawake. “Semeni tu. Subirini mwezi uishe, mtaona!”

“Kweli, mwanangu,” alisema mmoja akijitwisha ndoo, “mwezi ukiisha tutaliona, tena linachomoza.” Wenzake wakaangua kicheko mpaka maji yakamwagika. Nikawaona wamekubali. Nilipolielewa lile neno nilikuwa nimekwisha kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekaa kwenye mhadhara wa jambo lisilohusiana, na nilitoka nje kwenda kusimama peke yangu.

Neno litashuka kwa nani? Hilo halikunitaabisha hata kidogo. Litashuka kwa Maalimu. Ushahidi ulikuwa wazi: mji mzima ulisema, yeye tu alinyamaza. Wazee wa msikiti walimwendea, kwa kuwa Ma mdogo alifundisha kwake, wakamtaka aseme analolijua. Alijibu, “Mimi sina la kusema.” Wazazi walipoanza kuwatoa binti zao darasani kwa Ma mdogo, alinyamaza. Posa iliporudi, wajomba wa fundi cherehani wamekaa barazani kwetu wanatazama vidole vya miguu yao, alipita njia, akatoa salamu, akanyamaza. Nilimtazama akipita na kanzu yake ya samawati nikamwonea huruma. Namna gani anavyosubiri! Namna gani inavyomuumiza! Kukonda kweli alikonda. Kwenye kipimo changu hakukuwa na mkweli kama yeye.

Mwezi ulipoandama, nilimngoja baada ya darasa. Wenzangu walikuwa wanakunja majamvi.

“Maalimu, mwezi umeisha. Bado?”

“Bado nini?”

“Kushuka.”

“Kushuka nini, mwanangu?”

“Neno. La Ma mdogo.”

Aliacha kukunja kilemba. Nakumbuka uso wake kuliko ninavyokumbuka nyuso za watu niliowaona asubuhi ya leo. Nilidhani ameguswa kwa kuwa nimeitambua siri yake.

“Wahyi umekwisha,” alisema taratibu. “Baada ya Mtume hakuna tena kushuka. Nilikufundisheni hivyo.”

“Kwa hiyo Ma mdogo atatakaswa na nani?”

“Mungu anajua.”

“Anajua. Lakini nani atasema?”

“Kakunje jamvi,” alisema Maalimu, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mtoto anayeuliza.

Nilikunja jamvi. Na nilipokuwa nalikunja, kipimo changu kikaniumiza kwa mara ya kwanza, kwa sababu sikuelewa ni nini kilichoharibika, kipimo au aliyepimwa.

Siku ya Maulidi uwanja ulijaa. Spika ilifungwa juu ya mnazi mwembamba, waya ukashuka mpaka kwenye betri ya gari, na kipaza sauti kilipitishwa mkono kwa mkono kutoka kwa wasoma kasida mpaka kwetu, kikinuka tangawizi ya wote. Bibi alikuwepo. Ma mdogo hakuwepo. Alibaki nyumbani anachambua mchele wa pilau watakayokula watu waliokuwa wakimchambua yeye.

Nikauliza la mali, Saumu akajibu. Nikauliza la utukufu, Saumu akalipatisha jua lake, watu wakatoa takbiri. Nikauliza la mwisho: “Na tutajuaje kwamba hakutunga?” Saumu akaanza kisa cha uzushi. Ile sauti ya asali ikapanda juu ya minazi. Alipofika pale ndimi za Madina zinapomchana Bi Aisha, nilimwona mama yake, Bi Mwanahawa, kwenye safu ya mbele ya wanawake. Anatikisa kichwa kwa uchungu. Anafuta machozi. Anamwambia jirani yake, nikamsikia: “Binadamu sisi! Kumsingizia mke wa Mtume!” Na Saumu alipomaliza, kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Bi Mwanahawa, kirefu, cha kutoka tumboni.

Zamu yangu ikawadia. Kuinamisha kichwa. Sina swali tena; nimesadiki.

Lakini mimi swali nilikuwa nalo. Nilimtazama Maalimu. Spika ikaanza kunguruma peke yake. Saumu akaninong’oneza mstari, kwa hisani. Nikasema kwenye kipaza sauti, nikaisikia sauti yangu ikirudi kutoka ukutani kwa watu wengine:

“Na Ma mdogo je?”

Maalimu alinifikia kwa hatua chache. Alikichukua kipaza sauti mkononi mwangu kwa upole, kama anavyopokonywa mtoto kisu, akatabasamu na ule mwanya wake, akawaambia watu:

“Mtoto kasahau maneno.”

Wakacheka. Vicheko vizuri, vya huruma. Mtu akanirashia marashi, yakaniingia machoni, na mimi nikalia, na wote wakajua ninalia kwa nini.

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga vibaya kama alivyonipiga mtu yule siku ile bila kunigusa. Na ubaya zaidi ni kwamba nilimpokea. Nikaichukua kauli yake nikaifanya kisa cha kuchekesha, nikaibeba mpaka ukubwani, kwa kuwa mtoto aliyesahau hupendwa, ila mtoto aliyekataa huulizwa alikataa nini.

Ma mdogo hakufundisha tena. Alikaa nyumbani mpaka akaja mwanamume mmoja mjane wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, mtu mzima aliyetaka mke wa kumpikia na asiyejali habari za mji. Akaenda. Mwanamke aliyekuwa anaijua tajwidi ya Kurani kuliko wanaume wa pale akawa anapalilia.

Miaka ikapita, nikasoma, nikapata shahada za kutosha kunifanya nisielewe mambo rahisi. Kisha mke wa Maalimu, Bi Rukia, akafariki, nami nikaja mazikoni. Bi Rukia ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja: madrasa ile ilijengwa kwenye ardhi ya baba yake. Tumekaa kwenye mkeka wa msiba, akaingia mwanamke mrefu ambaye sikumjua, akasalimia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, akaketi karibu nami. Nikamuuliza yeye ni wa nani.

“Wa Maalimu,” alisema. “Mama yangu ni wa Mkange. Ndoa yao ilikuwa ya siri, kwa heshima ya marehemu.” Alitabasamu kwa haya. Akaonyesha mwanya. “Naitwa Zuhura.”

Nilimtazama Bi Mwanahawa, mzee sasa, upande wa pili wa mkeka. Alikuwa amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Hesabu ile ilikuwa nyepesi hata kwa mtu wa vitumbua. Hakuna aliyeifanya. “Mambo ya zamani hayo,” alisema mtu, na sahani ya tende ikaendelea kuzunguka.

Kesho yake nilikuwa Kiwangwa.

“Shikamoo, Ma mdogo.”

“Marahaba. Umekuja na sura ya polisi. Kaa, ule nanasi kwanza.”

“Nimemwona Zuhura wa Mkange.”

Kisu kikasimama kwenye ganda. “Kawaje?”

“Mrefu. Ana mwanya kama wa baba yake.”

“Mwanya mimi sikuuona. Siku ile hakuwa hata na jino.” Akaendelea kumenya. Alinieleza kwa maneno machache, kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Maalimu aliletewa habari kwamba mkewe wa Mkange ameshikwa na uchungu na hali si nzuri. Yeye hawezi kwenda, Bi Rukia atajua. Akamtuma Ma mdogo, mtu pekee aliyemwamini. Mkunga alichelewa. “Nikashika nilichoweza kushika. Nyumba haina kitambaa safi ila kanga yangu. Nikamfunga nayo.”

“Kwa nini hukusema?”

“Aliniambia kabla sijaondoka, hii ni amana, Zuhura. Nikasema ndiyo. Ndiyo ni ndiyo. Tena ningesema, kichanga kile na mama yake wangekwenda wapi?”

“Na yeye? Alikuona ukichanwa!”

“Kuitunza amana kulikuwa juu yangu. Kuifungua kulikuwa juu yake. Nilimngoja.”

“Mpaka lini?”

“Mbona wewe una haraka kuliko mimi niliyeolewa na mananasi?”

Nilirudi Dar nikiwa na hasira ambayo sijaweza kuishusha tangu siku ile. Nimeambiwa nisamehe na watu wema kadhaa. Wameniambia Maalimu alikuwa na mengi ya kupoteza: mke, kiwanja, madrasa, watoto wote wale aliowafundisha kuuliza. Najua. Ndiyo maana hasa nina hasira. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemsahau. Alikuwa mtu aliyeijua hoja ile kuliko mtu yeyote wa pwani ile, aliyelia akiieleza, na siku ilipomjia nyumbani kwake akaifungia mlango. Nilidhani kimya chake ni kile kimya. Mtume alinyamaza kwa kuwa neno hakuwa nalo. Maalimu alinyamaza kwa kuwa alikuwa nalo.

Na hapa kuna jambo ambalo marafiki zangu wasiosali huliona la ajabu. Wao hufikiri Maalimu ndiye aliyenipunguzia imani. Kinyume chake. Waliomo vitabuni wakibishana juu ya hoja ile huizungumza kana kwamba kusema kinachokuumiza, au kutosema kinachokuokoa, ni jambo jepesi ambalo mtu yeyote mwenye heshima angelifanya. Mimi nilimwona mtu mwenye heshima akishindwa. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa mbali naye kwa urefu wa waya wa kipaza sauti. Tangu hapo najua bei ya ile hoja, na ninajua kwamba anayeweza kuilipa si mtu wa kawaida. Ushahidi wangu wa ukweli wa Mtume ni kushindwa kwa Maalimu wangu. Nisingependa kuupata hivyo.

Kila mwaka wamenialika. Saumu ndiye mkuu wa kamati ya Maulidi sasa, ameirithi sauti na nusu ya ndimi za mama yake, na kila Mfungo Tano hupiga simu: njoo, shoga, wewe ni tunda la madrasa ile, uje utoe mada kuhusu dalili za ukweli wa Mtume. Mimi husema kazi. Husema foleni ya Bunju. Mwaka mmoja nilisema mgongo. Mwaka huu, baada ya kile kipaza sauti cha kongamanoni, nilichoka kusema uongo.

“Maalimu yupo?” nilimuuliza.

“Yupo, mzee sana, lakini akili iko sawa. Anakuulizia.”

“Basi mfikishie ujumbe. Mwambie nimeuliza: bado?”

“Bado nini?”

“Atajua.”

“Wewe na vitendawili vyako vya chuo kikuu,” alisema Saumu. Lakini Saumu hajawahi kuukalia ujumbe hata siku moja.

Siku ya Maulidi nilikuwa jikoni kwangu, ni baada ya Alasiri, nakaanga vitunguu. Simu ikalia. Ma mdogo.

“Shikamoo, Ma—”

“Usiseme kitu. Sikiliza.”

Nikasikia watoto, upepo, mlio wa spika inayogombana na kipaza sauti. Kisha sauti ya mtu mzee, nyembamba kama uzi, inapumzika kila baada ya maneno machache. Sikuitambua mpaka ilipofika kwenye herufi sin, ambayo mwanya wake uliitoa kwa kimluzi.

“...hoja hii nimewafundisha watoto wenu, na watoto wa watoto wenu. Nimeifundisha. Sikuifuata. Zuhura, aliyekaa pale kwa wanawake, ambaye leo nimemtuma mwanangu akamlete kutoka Kiwangwa, alikwenda Mkange kwa sababu nilimtuma mimi. Kwa mke wangu. Ile kanga mliyoisema ilimfunika mwanangu, huyu hapa. Niliwaambia wazee sina la kusema. Nilikuwa nalo.”

Spika ilinguruma peke yake. Nikajua wanatazamana.

“Na yule mtoto,” ilisema ile sauti, “hakusahau maneno. Mimi ndiye niliyesema kasahau.”

Vitunguu vyangu viliungua. Niliviacha.

“Umesikia?” Ma mdogo aliuliza.

“Nimesikia. Watu wanafanya nini?”

“Wananitazama kana kwamba nimeshuka kwenye lori sasa hivi. Mwanahawa kajifunika kanga mpaka usoni.”

“Na wewe?”

“Mimi nangoja pilau. Leo kachambua mwingine.” Nilisikia anapumua, na kile kicheko chake kinachogeuka katikati, ila safari hii hakikugeuka. “Haya. Sema basi, nakata simu.”

“Niseme nini?”

“Mstari wako. Tangu siku ile tunakudai sote huo mstari mmoja.”

Nilisimama jikoni kwangu, mwanamke wa makamo mwenye mwiko mkononi, macho yakiwaka kama yaliyotiwa marashi. Nikausema wote, kwa hasira, bila kusahau neno hata moja.